Nipe Mji Mwingine

Upepo wa Makambako hauna adabu. Unamfunua mama kanga mbele ya wakwe, unamvua mchungaji kofia, na wiki ile ulikuwa na kazi moja tu: kubandua picha za Elina. Bonaventura, msimamizi wa kampeni yake, akibandika moja kwenye nguzo, upepo unaibandua kona moja, na diwani wa watu anabaki ananing'inia, uso umekunjamana, anatabasamu nusu.

"Mheshimiwa, picha si tatizo," Bonaventura alimwambia. "Tatizo ni lile swali."

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Masumbuko, aliyekuwa akigombea naye, hakuwa na vipaumbele vya maana. Alikuwa nalo hilo swali, likamtosha. Kila akimaliza hotuba anauliza, "Na Feliciana yuko wapi?" Watu wanacheka, halafu wananyamaza. Kicheko Elina angekivumilia. Ule ukimya ndio uliomshinda.

Maana Feliciana nani asiyemjua? Uchaguzi uliopita yeye ndiye aliyemnadi Elina, na hakumnadi kwa hotuba. Alipanda jukwaani na beseni lake kichwani, akaita, "Kitendawili!"

Uwanja mzima ukaitika, "Tega!"

"Nyumba yangu ina madirisha mengi, wageni wake hawalali."

"Basi la abiria!"

"Nani anawalisha wageni hao?"

"Sisi!"

"Nani analowa?"

"Sisi!"

"Haya, mpeni kura huyu aliyelowa pamoja na sisi."

Wakampa.

Na kulowa alikuwa amelowa kweli. Kabla ya kuitwa Mheshimiwa, Elina aliuza njegere za kuchemsha kwenye madirisha ya mabasi, bega kwa bega na Feliciana. Basi la Songea hilo, basi la Mbeya hilo, wanakimbia, mabeseni juu, "Za moto! Za moto!", na abiria ananunua huku gari linaondoka. Basi likichelewa, wanategeana vitendawili kuondoa baridi. Aliyeshindwa anatozwa mji, kama mila ilivyo. Walikuwa wakipeana miji kama karanga: chukua Iringa, chukua Songea, chukua Dar es Salaam na foleni zake zote. Jioni wanakwenda nyumbani kila mmoja ana nchi nzima, na sabuni ya kufulia hana.

Msimu mmoja wa masika mtoto wa Feliciana, Sila, aliyekuwa mgongoni mwa mama yake kutwa nzima kwenye mvua, akashikwa na nimonia. Alipona, lakini kwa kuchungulia kaburi. Elina alikaa naye wodini Njombe, akimtazama yule mtoto anavyovuta pumzi kama anapandisha mlima, akaapa: wanawake hawa lazima wapate paa. Hapo ndipo siasa ilipomwingia. Paa kwanza, mengine baadaye.

Alipochukua fomu alimuuliza mwenzake, "Wewe ungetaka nianze na nini?"

Feliciana hakufikiri mara mbili. "Magari yasimame vizuri. Tutengewe mahali, yatulie kidogo, tusikimbizane na matairi."

Elina akacheka. "Mama Sila, hilo nalo la kuombea kura? Nitawajengea nyumba!"

Akaijenga. Hakuna anayeweza kusema Elina alidanganya. Banda lilisimama nyuma ya stendi, ng'ambo ya mtaro, bati la bluu, meza za saruji, bomba la maji. Siku ya uzinduzi Feliciana alicheza mpaka kitambaa kikamvuka. Kesho yake wakakaa kivulini, wakavu, wasafi, mabeseni yamepangwa. Wakasikia honi kule mbele. Basi lilisimama, likaondoka. Likaja jingine, nalo likaondoka. Abiria anayepewa dakika tano za kuchimba dawa, ajisaidie na kurudi garini, hawezi kuvuka mtaro kutafuta njegere.

Wanawake wakaanza kutoroka banda na kurudi madirishani. Ndipo kwenye kikao cha madiwani mtu akasema, banda limejengwa kwa jasho la wananchi, haliwezi kukaa tupu. Ipigwe marufuku ya kuuza dirishani. Wakaulizwa wanaoafiki. Elina, mwenye banda lake, angefanyaje? Akanyoosha mkono.

Mgambo walipochukua beseni la Feliciana, alikuja kwa Elina jioni, kikombe chake cha kupimia kikiwa kimebaki mkononi. Hakulalamika sana. Alisema tu, "Huku kivulini tunakufa, mwenzangu."

"Vumilieni," Elina alimjibu. "Wateja watazoea."

Feliciana akamtazama, akaaga. Masika yaliyofuata akarudi kwao Kifanya.

Sasa basi, Ijumaa, siku moja kabla ya kuzindua kampeni yake, Elina akafunga safari. Alimkuta mwenzake kwenye kitalu cha miche ya misindano, anajaza udongo kwenye vifuko, kucha nyeusi, amenenepa kidogo.

"Kamwene, Mheshimiwa."

"Kamwene. Tangu lini mimi ni Mheshimiwa kwako?"

"Tangu walipokuvika. Mimi nani nikuvue?"

Wakacheka wote wawili, lakini kila mmoja alicheka peke yake. Feliciana akanawa, akamwingiza jikoni penye moto, akampakulia njegere. Alimpimia kwa kikombe kilekile cha bati, akakigonga ukingoni mara moja, akaongeza kidogo juu, kama alivyozoea kumfanyia abiria. Elina akatafuna. Zilikuwa na chumvi yake ileile. Alitamani agombezwe.

"Sila hajambo?"

"Yuko shule. Amekuwa mrefu, sare ya mwaka jana haimtoshi." Feliciana akachochea moto. "Haya, sema. Hukuja kuangalia miche."

"Kesho nazindua. Nataka usimame na mimi."

"Safari hii una vipaumbele gani?"

Elina akavitaja kama Bonaventura alivyomfundisha. Taa za barabarani. Changarawe kwenye njia za mitaa. Soko la parachichi.

"Vizuri. Taa ni kitu kizuri. Na wale wa madirishani?"

"Nitapanua banda."

Feliciana alicheka mpaka akashika ubavu. "Utalipanua! Jamani, Elina! Utalipanua lifike Mafinga!" Halafu kicheko kikamwisha ghafla, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Kitendawili."

Elina akasita. "Tega."

"Mwenzangu alinijengea nyumba nzuri. Mvua hainipati, jua halinipati. Na mgeni naye hanipati."

Elina alilijua jibu. Akachota njegere nyingine, akatafuna.

"Umeshindwa?" Feliciana akauliza kwa upole. "Nipe mji."

"Chukua Makambako."

"Makambako nimeshakaa. Nipe mji mwingine."

Zamani angempa Iringa, angempa Songea bila kufikiri. Sasa alitafuta kichwani mwake mwote, akakuta mji aliokuwa nao ni mmoja tu, na ndio huo umekataliwa.

"Sina mwingine, Mama Sila."

"Najua." Feliciana akamwekea mkono begani, wenye udongo bado kwenye mikunjo. "Uliniuliza siku ile. Nashukuru uliniuliza. Lakini hukunisikia. Ulikuwa umeshaona bati."

"Nitaifuta ile marufuku. Nitaiweka ya kwanza kabisa, kabla ya taa."

"Iweke. Ila si kwa ajili yangu. Mikono yangu imeshazoea udongo, na mtoto ana shule."

"Kwa hiyo huji?"

"Siji. Usidhani nina kinyongo. Ningekuwa nacho, ningekwenda kwa Masumbuko. Kila siku ananipigia simu, nauli juu yake. Namwambia nimebanwa na miche." Akainuka, akafunga njegere zilizobaki kwenye gazeti. "Za njiani. Safari ndefu haitaki tumbo tupu."

Akamsindikiza mpaka barabarani. Basi lilipokuja, Feliciana alisimama chini ya dirisha la Elina, akamwinulia kile kifurushi kwa mikono miwili. Elina akainama kukipokea. Miaka yote ile walikuwa upande mmoja wa kioo.

Njia nzima, kupita Njombe na mashamba yake ya chai, alijifunza hotuba mpya. Bonaventura angekunja uso, na akunje. Atasema: ndugu zangu, nilikosea. Atasema: Jumatatu naanza kazi, wanawake warudi madirishani, na magari yatengewe mahali pa kutulia. Kadiri alivyoyarudia, ndivyo moyo ulivyopungua uzito. Alikaribia kuamini kwamba neno likisemwa vizuri, jambo limetengenezeka.

Makambako, konda akagonga ubavu wa gari. "Dakika tano, za kuchimba dawa tu! Tusipotezane!"

Katikati ya malori mawili akatokea mwanamke, beseni amelifunika kwa kanga. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akakimbia. Alikimbia vizuri, Elina akaona, magoti juu, macho kwenye madirisha. Dirisha la kwanza, hapana. La pili, hapana. La tatu lilikuwa lake.

"Njegere, mama, za mo—"

Alikuwa Hilda, wa kwaya. Siku Elina alipoapishwa, ndiye aliyeimbisha. Elina alikuwa ameshatoa mkono nje, kiganja wazi.

Hilda akauona uso. Kanga ikarudi juu ya beseni kabla hajamaliza neno.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nilikuwa napita tu. Haki ya Mungu napita tu."

"Hilda! Hapana, niuzie! Hilda!"

Kuitwa jina ndiko kulikomtisha zaidi. Alikimbia kuliko alivyokuja, njegere zikimwagika nyuma yake. Akapotea kati ya malori. Mkono wa Elina ulikuwa bado nje, unapigwa na upepo.

"Umemkurupusha, mama," akasema kijana mmoja wa kiti cha pembeni yake, msafiri wa mbali kwa lafudhi yake. "Nilitaka kununua. Wanaogopa mgambo hawa, maskini. Sijui nani aliyewakataza kutafuta riziki."

Elina akachukua kifurushi chake. Hapo ndipo aliposhukia.

"Mimi," akasema.

Kijana akacheka, akidhani ni utani wa mama mtu mzima, akampisha njia. Elina akashuka. Njegere za Hilda zilikuwa zimetapakaa kwenye lami, bado zinatoa mvuke, na basi lilipoondoka likapita juu yake. Kwenye nguzo, kona moja ya picha yake ilikuwa imebanduka tena, inapigapiga. Hakuirudishia. Akavuka mtaro, akaingia chini ya bati la bluu, akakaa kwenye meza tupu ya saruji iliyowahi kuwa ya Feliciana, akafungua gazeti, akaanza kula zile njegere moja moja, zikiwa zimepoa.