Kokwa la Bibi wa Igamba

Maji yalimiminwa polepole, gulu, gulu, kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Kisha kimya. Kisha glasi ikagusa saruji ya dirisha: tik.

Bibi Enesi alifumbua macho gizani. Jogoo wa jirani alikuwa hajawika bado, na baridi ya Juni ilikuwa imeingia mpaka ndani ya mto. Alinyoosha mkono upande wa ukutani, mahali anapolala mjukuu wake, akakuta shuka tupu. Ndipo akakumbuka. Tangu mgeni afike, Priska alikuwa amehamia chumba cha pili, kwa mgeni huyo, bibi yake mzaa mama.

"Mtoto kamchukua," Enesi alinong'ona. "Sasa kahamia kwenye glasi yangu."

Ndani ya glasi ile kulikuwa na kokwa la parachichi. Parachichi lenyewe lilitoka Igamba, kwenye mti ulio nyuma ya nyumba yake, nyumba aliyoiacha mikononi mwa mdogo wake alipokuja Chapwa kukaa na mwanawe Yonathani. Yonathani ni dereva wa malori ya Zambia, siku nyingi yuko njiani, na mkewe Kabula anauza mchele sokoni kuanzia asubuhi. Kwa hiyo Priska alikulia mgongoni mwa Bibi Enesi. Siku walipolila parachichi lile kwa chumvi, mtoto aliliosha kokwa, akalitazama, akasema anataka mti.

Enesi alilichoma vijiti vitatu pembeni, kokwa likaning'inia kwenye mdomo wa glasi.

"Bibi, wapi juu, wapi chini?"

"Ncha chini. Punje ya mahindi hutoa mzizi kwenye ncha. Mbegu zote ni ndugu."

Akalifunika juu kwa kipande cha kitenge lisipate baridi, akakataza mtu yeyote kulifunua. Kila siku alikuwa akiinama, anachungulia kupitia kioo, anasubiri mzizi utokeze kwenye ncha. "Likiota tu," alimwahidi mtoto, "mimi na wewe Igamba. Tutalipanda karibu na kahawa ya babu yako, na utachuma kahawa na mimi likizo nzima."

Likizo ilifika. Kokwa lilikuwa vilevile.

Na likizo hiyohiyo akafika Bibi Mbuke, mama yake Kabula, kutoka Kamsamba kwenye joto na ng'ombe. Alishuka na kibuyu cha maziwa ya mgando, chupa ya samli, na habari moja tu. Ng'ombe wake mwekundu alikuwa amezaa ndama mwenye nyota usoni, na ndama huyo hana jina. "Nimemwachia Priska aje ampe," alisema.

Macho ya mtoto yalivyowaka! Enesi aliyaona. Macho yale hayakuwahi kuwaka hivyo kwa kahawa.

Kabula, ambaye hapendi kumuumiza mtu, alimwambia mwanawe achague mwenyewe pa kwenda. Priska alifikiri, kidole mdomoni. "Kokwa likiota kabla Bibi wa Kamsamba hajaondoka, naenda Igamba. Lisipoota, naenda kumwona ndama."

"Haya," wakasema mabibi wote wawili kwa pamoja, na wote wawili wakacheka. Enesi alicheka kwa meno tu.

Kuanzia siku ile kila kitu kilimuuma. Kabula akiita "Mama!" kutoka jikoni, walikuwa wakiitika wawili, na Enesi alikuwa amezoea kuitika peke yake. Priska alikunywa mgando mpaka akapata masharubu meupe, akaomba tena.

"Mgando mwingi unalaza mtoto," Enesi alisema.

"Si yuko likizo, mkwe? Alale," Mbuke alimjibu kwa upole.

Hata wema wa yule mama ulimchoma. Mbuke alikuwa akiamka kwanza, anafagia uwanja, anawasha mkaa, na Enesi akitoka anakuta maji yake ya kuoga yamechemka, ndoo imefunikwa sinia yasipoe. Nani aliyemtuma? Maji ya kuoga ya Enesi yalikuwa kazi ya Priska.

Na sasa alfajiri hizi, sauti ya glasi. Enesi alilala akisikiliza na kupiga hesabu zake. Mwenye faida kokwa lisipoota ni nani? Ni Mbuke. Basi Mbuke anamimina nini humo? Maji ya moto? Chumvi? Aliona haya kuwaza hivyo, lakini aliwaza. Kila asubuhi alinusa glasi. Maji hayakuwa na harufu. Yalikuwa safi kuliko yalivyowahi kuwa mikononi mwake, na hilo nalo likamkera.

Kisha asubuhi moja, Priska akiwa anapita na kikombe cha chai, akapiga kelele iliyomtoa Kabula bafuni na povu masikioni.

"Mzizi! Bibi wa Igamba, mzizi!"

Kweli. Chini ya kokwa kulikuwa na kitu cheupe, kinene, kimejikunja kama mkia wa nguruwe, kinanyoosha kwenda kwenye kitako cha glasi. Enesi alipiga vigelegele. Alimzungusha mtoto mpaka chai ikamwagika. Kisha akamgeukia Mbuke, na ulimi ukamponyoka.

"Umeona, mkwe? Sisi watu wa jembe, mbegu inatusikia. Ng'ombe hawana haja ya kujua hayo."

Kabula alitazama chini. Mbuke alichukua kitambaa, akafuta chai sakafuni.

"Hongera, mkwe," alisema. "Mtoto ataenda Igamba."

Mchana kutwa Enesi alijaribu kufurahi. Alitoa begi la Priska, akakunja sweta. Alimsikia Mbuke uani akimfundisha mtoto wimbo wa kukamulia, wote wawili wakiimba chini chini. Ushindi ulikuwa wake, na wimbo ulikuwa wao. Aliutamani ule wimbo kama mtu anavyotamani chakula cha jirani.

Alfajiri iliyofuata ikalia tena: gulu, gulu. Tik.

Safari hii Enesi aliinuka. Alijifunga kanga, akaenda bila viatu mpaka sebuleni. Mbuke alikuwa amesimama dirishani, simu ndogo ya tochi ameishika kwa meno, kokwa limelala kwenye kiganja chake, mzizi unaning'inia kati ya vidole.

"Mkwe," Enesi alisema, "unalifanya nini kokwa langu?"

Mbuke alishtuka, akaitoa simu mdomoni. Hakulificha. Alilinyoosha kwake. "Lishike. Polepole, mzizi usikatike."

Enesi alilipokea. Lilikuwa baridi na utelezi. Vidole vyake vilitafuta ncha vikaikuta, lakini ilikuwa juu. Mzizi ulikuwa umetokea upande wa pili, kwenye kitako kipana, upande ambao yeye aliufunika kwa kitenge.

"Hii haikuwa hivi," alisema.

"Haikuwa hivi."

"Umeligeuza."

"Asubuhi yangu ya kwanza hapa. Nilinyanyua kile kitambaa nikifue, kilikuwa kimeota ukungu. Nikaona kitako kimepasuka, na ndani mzizi unachungulia, umeanza kukauka kwa kukosa maji. Mimi mbegu sizijui, mkwe. Lakini ndama anayekuja kinyume namjua. Nimewageuza wengi. Nikachomoa vijiti, nikaligeuza, nikalifunika tena usijue."

Enesi alikaa kwenye kiti, kokwa mkononi.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Mtoto? Kila neno lake ni Bibi wa Igamba kasema, Bibi wa Igamba anajua. Nije mara moja kwa miaka miwili nimwambie bibi yako kakosea?"

"Lakini ungeliacha, angeenda kwako. Ndama anasubiri jina."

Mbuke alisuuza glasi, akaitazama kwenye mwanga, akaisuuza tena. "Nililifikiria," alisema. "Nilisimama hapa na kitambaa mkononi, nikalifikiria kwa muda mrefu. Nilikuonea wivu, mkwe, nisikufiche. Mtoto analala kwangu, lakini akiota ndoto mbaya anakuita wewe. Sasa kokwa lina kosa gani?"

Nje jogoo akawika, na mwingine akamjibu kutoka upande wa barabara ya malori. Enesi alilirudisha kokwa kwenye glasi kwa mikono yake mwenyewe, ncha juu, na Mbuke akammiminia maji.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Mtoto alishachagua, begi lilishafungwa. Wakati wa chai Enesi aliuma kipande cha kiazi, akakitafuna mpaka kikaisha, akakosa cha kutafuna.

"Priska, njoo. Lile kokwa mimi nililiweka kichwa chini, miguu juu. Lingekufa. Aliyeligeuza ni bibi yako huyu."

Priska aliwatazama, mmoja kisha mwingine. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Bibi! Ulilisimamisha kwa kichwa!"

"Nililisimamisha kwa kichwa."

"Na ukasema mbegu zote ni ndugu!"

"Ni ndugu wasiofanana," Enesi alisema, na kicheko cha mtoto kilimchoma na kumpoza kwa pamoja. "Kwa hiyo kokwa limeota kwa mkono wa bibi yako. Nenda Kamsamba ukampe ndama jina. Kahawa tutachuma mwakani."

"Na mti?"

"Mti kwangu usije," Mbuke aliwahi. "Ng'ombe wataula siku ya kwanza. Mti ni wa Igamba."

"Nitabaki nao mimi," Enesi alisema. "Nitabadilisha maji alfajiri, kama yeye."

Siku ya safari, Enesi aliwasindikiza mpaka kwenye gari la Kamsamba. Priska alipanda bila kugeuka. Alikaa mapajani mwa Mbuke karibu na dirisha, na tayari alikuwa anaorodhesha majina: Nyota, Malaika, Samli. Enesi alisimama chini kwenye vumbi, mikono mitupu, na ule wivu aliodhani umekwisha ukapanda tena kifuani kama kiungulia. Alitaka kumshusha mtoto, na alitaka gari liondoke upesi asiendelee kuona.

Mbuke alimwona. Aliushika mkono wa Priska, akauinua dirishani, akamnong'oneza kitu sikioni.

"Bibi!" Priska akapiga kelele, kichwa na mabega nje. "Usilifunike tena kwa kitenge!"

Injini ikaunguruma. Enesi alisogea mpaka dirishani, akaishika ile mikono miwili, mdogo na mkubwa, yote kwa pamoja.

"Mkwe," alisema, "mtoto asiletwe na mtu mwingine. Mlete mwenyewe. Njoo tena, ulale kwangu, tuuone mti wetu ukitoa majani."