Biki ya Rouge ya Papa Théophile

Tonton Jean-Baptiste, mujomba wangu, alikimbia Bukavu juu ya teatre. Alicheza mukubwa mwenye analalaka ku mikutano, mukubwa mwenyewe akasikia, akaamuka. Tonton akafika ku kambi ya Dzaleka, huku Malawi, akisema: huku mi ni mukimbizi tu, nani tena atanikataza kusema?

Papa Théophile njo alimujibu. Ni président wa kartier yetu. Kwake hauchezi kitu mbele ya bantu kama hajasoma na kupiga kashe, muhuri yake. Na bila karatasi yenye kashe hatungetoka kambini kwenda Lilongwe, fasi kanisa moja ya Mchesi ilikuwa imetupatia sale ya kuchezea siku ya samedi, ile Jumamosi.

Mi njo naandikaka michezo. Tonton njo mwenye kusema, mi naandika, juu mi sisemake. Basi tulienda naye kwa Papa Théophile, nikasimama nyuma ya mulango sawa ufagio.

Mchezo ilikuwa ya chef, mukubwa wa kartier, mwenye anapita bantu ku mulongo wa kupokea mahindi. Papa Théophile akasoma, akatosha biki ya rouge, ile kalamu ya wino nyekundu.

"Hii ni uongo," akasema.

"Wapi, papa?"

"Chef hapitake bantu ku mulongo. Atapita aje na bantu banamuona? We ulikulia fasi gani?"

Tonton akainamisha kichwa. "Basi anafanyaka aje, papa? Siye hatuyue mambo ya bakubwa."

"Mahindi yake inatokea mulango ya nyuma. Inapanda kinga ya kabaza, ile baiskeli ya kubeba bantu. Juu yake unatia godoro, bantu baseme ni mutu anahama."

Akaiandika mwenyewe. Kisha akafuta fasi chef anapiga kelele. "Chef hapigake kelele. Anakuuliza tu: mutoto wako alipataka fasi ku masomo? Utanyamaza mwenyewe."

Akajaza kurasa tatu, akapiga kashe, akasema sasa huyu chef ana heshima.

Jeudi, siku mbili mbele ya Lilongwe, tukacheza kwanza hapa kambini, Tonton njo chef. Kabaza ilipoingia na godoro, bamama bakaanguka na kicheko juu ya bamama bengine. Mumoja akaita jina ya Papa Théophile, kisha bote. Yeye alikuwa mbele, ku viti ya bageni, anacheka sana. Alichelewa kidogo kuelewa.

Vendredi, kesho yake asubui, akakuya kwetu. Tonton alikuwa ameenda Dowa, mama ku soko. Nilikuwa peke yangu.

"We mutoto wa Mathilde. Leta ile karatasi nilipiga kashe."

Nilikuwa nimeikalia. Ni ile moja tu ilikuwa na kashe. Akiichukua, Lilongwe imekufa. Na ku masomo bakiita jina yangu, mi naonyeshaka kidole tu. Lakini nikasikia mudomo wangu inasema:

"Mama alifungia nayo karanga, papa."

"Karanga gani?"

"Za kuuzisha. Sijue ni zipi."

Akanitazama. Nikatazama viatu vyake, zilikuwa mupya. Akatoka bila kuaga.

Samedi tukapanda minibus. Tonton alikuwa na karatasi ndani ya shati, na wino nyekundu imeanza kumuchafua kifua. Tulipopita soko, nikaona Papa Théophile amechutama mbele ya meza ya mama. Anafungua karanga, anasoma karatasi yake, anakula, anafungua ingine. Mama alikuwa anamuuliza kama amufungie na za kupelekea muke wake.