Ubao Ulioishia kwa Tiurma

Siku ya tatu tangu afike Morioka, Tiurma alifungua mlango wa chumba chake asubuhi akakuta zawadi imetundikwa kwenye kitasa.

Yeye alidhani ni zawadi. Ndani ya mfuko wa plastiki mlikuwa na ubao mwembamba wa kijani, unaofunguka kama kitabu, wenye kibanio cha chuma na karatasi tatu zilizojaa maandishi. Kwao Balige, ukingoni mwa Ziwa Toba, mgeni akihamia mtaani majirani hawatulii mpaka wamemwona. Huyu ataleta wali, yule samaki wa kukaanga, wa tatu ataleta maswali matupu. Hapa siku mbili zilikuwa zimepita bila mtu kugonga. Basi alipouona ubao ule moyo wake ulikimbia mbele ya macho. Kijapani alijifunza miaka miwili, na kuongea aliongea, lakini zile herufi ngumu za kuchorwa alizijua chache. Alitambua neno "maji", akadhani ni mashauri ya kutoyapoteza. Akaziweka karatasi pembeni kwa heshima, akabana daftari lake la mazoezi kwenye kile kibanio kizuri.

Chumba chenyewe alikipata kwa taabu. Nyumba saba zilimkataa kabla ya hii, na chuo cha lugha hakimwandikishi mtu asiye na anwani. Mwenye nyumba, Bibi Oikawa, mjane anayeishi chini, alimsimamisha kwenye ngazi za chuma siku ile ile ya kwanza.

"Binti, nikwambie ukweli, usije ukasema sikukwambia. Bwana Kumagai, mkuu wa mtaa huu, hataki wageni. Nimemwomba mwezi mmoja, tuone. Likitokea jambo, hata moja, sitakuwa na mdomo wa kukutetea."

"Halitatokea, bibi."

"Takataka Jumanne. Viatu mlangoni. Redio chini."

Tiurma alivitii vyote vitatu. Jumatatu hiyo ya ubao Bibi Oikawa alikwenda kwa dada yake Hanamaki, arudi Alhamisi mchana.

Alhamisi saa tatu asubuhi Tiurma alifungua bomba. Likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza. Alilifunga upesi, akiamini amelivunja. Hapo ndipo aliposikia kelele uchochoroni, akasogeza dirisha kidogo.

Alikuwa Bi Obara, mtu wa mwisho mtaani anayetengeneza tofu, ile jibini ya maharage, akiwa na viatu vyake vya mpira. "Kumagai! Maharage kilo thelathini yamelowekwa tangu jana. Sasa niyasage kwa mate?"

"Tangazo lilitoka Jumatatu," alijibu mwanamume mrefu mwenye kofia. "Maji yanakatwa saa tatu mpaka saa sita, bomba kuu linabadilishwa. Nimeliandika mwenyewe, nikaligonga muhuri."

"Muhuri wako hauchemshi maharage. Ubao haukufika kwangu!"

"Haukufika?" Kumagai alihesabu nyumba kwa vidole. "Mimi, Endo, Oikawa. Oikawa nilimkuta akikimbilia treni, akasema ameshaupitisha. Baada ya Oikawa ni..."

Wote wawili waligeuka kutazama nyumba ya jirani. Getini alisimama Mzee Usui, birika tupu mkononi.

"Mzee," Kumagai alisema, na sauti yake ikawa ile ya kuongea na mgonjwa, "ubao uko kwako?"

"Kwangu? Sidhani. Au nimeuweka mahali?"

"Mwezi wa pili tuliukuta ndani ya friji."

"Kweli, ulikuwa kwenye friji." Mzee alicheka, akaona anacheka peke yake. "Ngoja nikatazame."

Alipoingia ndani, Kumagai alishusha pumzi. "Hii ni mara ya tatu. Mwanawe amekwisha kumpatia nafasi kwenye nyumba ya wazee kule Sendai. Nilimwahidi kwamba ikitokea tena nitampigia."

Tiurma aligeuka polepole kutazama meza yake. Ubao ulikuwa pale, na juu yake ukurasa alioandika neno "nyumba" mara arobaini. Alizivuta zile karatasi tatu. Ya juu ilikuwa na orodha ya majina, kila jina na kisanduku chake, na ndani ya visanduku vya kwanza muhuri mwekundu na tarehe. Kumagai. Endo. Oikawa. Chini ya Oikawa lilichapwa jina la Usui. Lakini katikati ya hayo mawili mtu alikuwa amechora kisanduku kwa kalamu, akaandika kwa herufi nyepesi za mtoto wa shule: Ti-u-ru-ma.

Bibi Oikawa alikuwa amemhesabu kuwa nyumba.

Alimpigia Bibek, Mnepali wa darasani kwao aliyekuwa na mwaka mzima nchini na jibu la kila swali.

"Dada, umeukalia ubao wa zamu!" Bibek aliangua kicheko. "Unasoma, unatia alama, unaupeleka kwa jirani. Siku hiyo hiyo. Umekaa nao siku ngapi?"

"Nne. Na maji yamekatwa, na walio mbele yangu hawakujua."

Kicheko kilikoma. "Sikiliza. Andika tarehe ya Jumatatu, utumbukize kwenye sanduku la barua la jirani. Basi, umemaliza."

"Jirani ni mzee. Watasema amesahau."

"Si amekwisha kusahau mara mbili? Ya tatu itamwongezea nini?"

"Itampeleka Sendai, Bibek."

"Na wewe itakupeleka wapi? Nyumba saba, Tiurma. Hii ya nane ikikufukuza, chuo kinakufuta, na viza inafuata chuo. Mzee ana mtoto. Wewe hapa una nani?"

Alivaa koti, akauficha ubao ndani, kalamu mfukoni, akashuka. Hakuwa ameamua lolote. Miguu tu ndiyo iliyoamua, nayo ilikwenda moja kwa moja kwenye geti la Mzee Usui. Kumagai na Bi Obara walikuwa wamesogea mbele, wakibishana. Mdomo wa sanduku la barua ulikuwa mpana. Tiurma alikwisha kuinua kifuniko mlango wa nyumba ulipofunguka.

"Ah! Wewe ndiye mgeni wa Oikawa. Una macho ya ujana. Njoo, njoo unisaidie kutafuta."

Alivua viatu akaingia, kwa kuwa hakujua namna ya kukataa. Makabati yote yalikuwa wazi. Bakuli, magazeti, soksi, vyote vilikuwa sakafuni. Mzee alikuwa amemwaga hata pipa la mchele, na mchele ulikuwa kilima kidogo juu ya gazeti. Katika rafu picha ya marehemu mkewe iliangalia fujo ile, kikombe cha chai mbele yake.

"Yeye alijua kila kitu kilipo," alisema Mzee Usui. "Kusahau miwani nimezoea. Lakini huu ubao, binti, naona kabisa kwamba sikuupokea. Naona! Halafu najiuliza, huyu anayeona ni nani? Si ndiye yule yule aliyeutia kwenye friji?" Alielekeza kidole. "Hebu inama uangalie chini ya kabati."

Tiurma alipiga magoti. Pembe ya ubao ilimchoma ubavuni. Ingekuwa rahisi mno: kuingiza mkono gizani, kuutoa, kusema "huu hapa, mzee." Mzee angefurahi. Angemshukuru, tena kwa machozi. Na tangu siku hiyo asingeyaamini macho yake tena.

Kizingitini alitokea Kumagai, simu mkononi. "Mzee, namba ya mwanao ninayo hapa. Nipige?"

Mzee Usui alitazama mchele wake. "Piga tu. Tulikubaliana mara ya tatu. Ahadi ni ahadi."

"Usipige," Tiurma alisema.

Ilimtoka kwa Kibatak, lugha ya kwao. Ilibidi airudie. Alisimama, akafungua zipu ya koti, akautoa ubao.

"Haukufika kwa mzee. Ulikuwa kwangu tangu Jumatatu."

"Kwako?" Kumagai alikunja uso. "Jina lako halimo kwenye orodha."

Alimwonyesha kile kisanduku cha kalamu. Kisha akapiga magoti tena na kuandika tarehe mbele yao, ya siku ile ile, Alhamisi.

"Nilidhani ni zawadi," alisema. "Ya kukaribishwa."

"Zawadi! Ubao wa mtaa?"

"Kwetu mgeni huletewa kitu. Hapa hakuna aliyegonga." Hakusema kwa kulaumu, ndivyo ilivyokuwa tu. Lakini Kumagai aliirudisha simu mfukoni.

Mzee Usui alikuwa amekaa chini kando ya mchele wake. "Sikusahau," alisema. "Kumagai, umesikia? Sikusahau." Akafunika uso kwa viganja.

Kutoka nje Bi Obara alipiga kelele: "Mmeupata au mmelala humo? Nani aliufungia?"

"Mimi, mama," Tiurma alijibu akitoka.

Bi Obara alimpima toka kichwani hadi soksi. "Una mikono?"

"Ninayo."

"Kisima cha hekaluni hakina bomba la kukatwa. Ndoo ziko mlangoni kwangu. Na wewe, Kumagai, usinitazame, beba."

Walibeba mpaka saa sita, yeye na mkuu wa mtaa, wakipishana barabara ile ile. Maji ya mwezi wa nne bado yalikuwa na meno ya theluji. Nusu ya maharage ilipona.

Tiurma alirudi chumbani, vidole vimekufa ganzi, akatoa sanduku lake na kuanza kupanga nguo. Alikuwa amefika kwenye kitambaa cha ulos alichopewa na mama yake aliposikia hatua kwenye ngazi za chuma. Bibi Oikawa aliingia na mkoba wa safari begani.

"Kumagai alinisubiri kituoni," alisema.

"Ndiyo, bibi. Ulisema jambo moja."

"Nilisema. Lakini mambo yalikuwa mawili, na la kwanza ni langu. Ubao nilikutundikia kitasani kama nguo ya kuanika, nikakimbilia treni." Alilitazama sanduku. "Kumagai anasema mwezi unabaki pale pale. Hajaukata, hajauongeza. Zitoe hizo nguo, zitakunjamana."

Jumatatu iliyofuata mlango uligongwa. Alikuwa Kumagai, kofia kichwani, ubao kwenye mikono yote miwili. Jina la Tiurma sasa lilikuwa limechapwa kama mengine. Na juu ya kila herufi ngumu, karatasi zote tatu, mtu alikuwa ameandika kwa penseli herufi nyepesi za kumsaidia kusoma, ndogo, zenye kutetemeka.

"Mzee Usui alizichukua Jumamosi," alisema Kumagai akitazama pembeni. "Soma."

"Ju-ma-pi-li," alisoma Tiurma, "kusafisha mtaro. Kila nyumba mtu mmoja."

"Kila nyumba. Saa mbili. Usichelewe." Akashuka ngazi.

Tiurma aliandika tarehe, akavaa viatu, akaenda na ubao hadi kwa jirani. Alipita sanduku la barua. Akagonga mlango, akangoja.

Kimya. Akagonga tena. Akaegemeza sikio mlangoni. Ndani kabisa kitu kilianguka, kisha zikasikika hatua za kuburuta, polepole.

"Nakuja, nakuja! Usiende!"

"Siendi, mzee," alisema Tiurma.