Mtoto Asiyeshtuka

Nthenya alikuwa keshavuka reli, godoro kichwani na mwanawe Ndanu mgongoni, mtaa wao wa Gatwekera, Kibera, ukifuka moshi nyuma yao. Ilikuwa Januari 2008, fujo za uchaguzi hazijapoa. Alikuwa anakwenda kwa kakake Makau, Kawangware, ili kesho yake wapande basi la Kitui. Jirani yake Nasike, mpima watoto uzito katika kliniki moja ya Kianda, mtaa wa jirani, alimsindikiza kwa sababu vijana wa njia ile walimjua.

Bomu la machozi likalipuka nyuma ya mabati. Nthenya akaangusha godoro. Ndanu, wa miezi saba, akaendelea kunyonya kidole.

"Umeona simba wangu?" Nthenya akasema kwa majivuno. "Njia nzima inalia, yeye hata hashtuki."

Nasike hakucheka. "Mama Ndanu, huyu anasikia kweli?"

"Asisikie aje? Nikimwimbia anatulia tuli."

"Akiwa wapi?"

"Mgongoni. Kwani atakuwa wapi?"

"Fungua leso."

Nasike akampakata mtoto, akampa Nthenya kisogo. "Imba. Kwa nguvu!"

Nthenya akaimba palepale njiani, wenye mizigo wakimpita kama mwehu. Ndanu alichezea kifungo cha blauzi ya Nasike. Nthenya akachomoa sufuria kwenye furushi, akaigonga kwa mwiko. Mtoto akaendelea na kifungo chake tu. Aliporudishwa mgongoni na mama akaimba tena, akalaza shavu, akatulia.

"Anahisi mgongo ukitetemeka," Nasike akasema polepole. "Sauti haimfikii."

Nthenya akaketi juu ya godoro. "Vita vikiisha nitampeleka."

"Na akikaa mwaka mzima bila sauti, maneno atayatoa wapi? Kesho hospitali, Kitui baadaye. Nitakuja kuwachukua."

"Wewe Mluhya, Kawangware, siku hizi watu wanaulizwa kabila njiani? Una kichaa?"

"Nitakuwa shangazi yako. Nifundishe salamu za Kikamba."

"Watakujua hata ukikohoa!"

Kesho yake Nasike alikuja saa moja asubuhi, kwa miguu, leso aliyoazimwa na Nthenya begani. Walipanga foleni hadi jioni, na daktari akathibitisha kwamba Ndanu hasikii.

Makau alipanda basi peke yake, hakurudi Nairobi. Ndanu alipata mashine za masikio akiwa na miezi kumi. Akaanza kusema kabla ya kutimiza miaka mitatu. Nthenya alibaki Kawangware, anashona sare za shule. Nyumba ya Nasike iliungua siku ile ya hospitali. Alihamia Kianda, na kila akienda kupima watoto uzito hubeba sufuria na mwiko.