Kibwebwe cha Secilia

Mwekezaji aliponunua shamba la chai, ni kama alimnunua na nyapara Tobia humohumo, maana mshenzi yule alirudi kazini na fimbo mpya. Wiki hiyohiyo alimkuta Secilia ametua tenga lake apumzike, akamcharaza kiunoni mpaka akaanguka kifudifudi kwenye matope.

Michubuko ilipona. Maumivu yakagoma. Tangu siku ile Secilia alijifunga kibwebwe cha kanga mchana na usiku, akatembea amenyooka kama mchi, akiamini kwamba akiinama tu, uti wa mgongo utakatika. Wenzake ndio waliomtwika tenga.

Tobia akaliona hilo, akacheka. "Mwisho wa mwezi, asiyeinua tenga mwenyewe ahame nyumba ya kampuni."

Secilia alikuwa mjane mwenye watoto, na kwao Songea ni mbali.

Katika hospitali ya misheni, Klara, mtaalamu wa viungo, alimfungua ile kanga, akamkanda, kisha akaanza kumwinamisha kidogokidogo. Secilia akapiga mayowe.

"Dada, unaniua!"

"Sikuui, mama. Mgongo ulishapona zamani. Mwili wako bado unaingoja fimbo, ndiyo maana unapiga kelele kabla ya kuguswa. Vuta pumzi. Inama tena."

Akainama. Aliumia, lakini hakikukatika kitu. Kila aliporudi kwa Klara, maumivu yalikuja yamechelewa, tena yamenywea.

Mwisho wa mwezi aliingia shambani bila kibwebwe. Wenzake wakanong'ona kwamba maskini, amekata tamaa. Alipoinama kushika tenga, fimbo ya Tobia ilimshukia palepale pa zamani. Machozi yakamtoka. Akangoja mgongo ukatike.

Haukukatika. Uliuma tu, basi, na hasira ikamfika kooni.

Alimgeukia Tobia, akainama, akamkamata miguu yote miwili, akamnyanyua na kumbwaga mtaroni. Fimbo akaivunja kwa goti. Nyapara alilala chali huku damu ikimtoka puani, akilia kama mtoto.

"Mgongo wangu! Umevunjika!"

Wanawake waliduwaa. Secilia akamwinamia.

"Haujavunjika, bwana. Vuta pumzi. Inuka polepole."

Tobia hakuthubutu hata kugeuza shingo. Secilia akainua tenga lake mwenyewe, mbele ya macho yake, akalipeleka kwenye mzani.