Teke la Pili

"Hesabu vizuri," Boga alisema, akiivuta miwani ya maji machoni. "Wala usinionee haya. Ukiona mawili, n'ambie mawili."

Tsofa alijaza pumzi akazama. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wageni wa hoteli wamelala bado, na bwawa lote la hapo Shelly Beach lilikuwa lao wawili. Tsofa ndiye mlinzi wa bwawa hilo. Meneja humruhusu kumleta mwenziwe, mradi watoke kabla ya chai ya asubuhi. Alijikita chini, mgongo ukutani, akamwona Boga akiingia majini, mikono mbele, mwili umenyooka. Miguu yake ikaungana, ikachapa maji kama mkia wa pomboo. Mara moja tu. Kisha akavuta mikono, akakunja magoti, kichwa kikatoka juu.

Ndiyo sheria ya mbio za mtindo wa kifua. Ukishajitupa majini una ruhusa ya teke moja la pomboo, baada ya hapo miguu ifuate mwendo wake wa chura. Teke la pili ni wizi. Linakusukuma mbele kwa nguvu usiyostahili, na mita hamsini zenyewe huisha kabla mtu hajafunga kamba za viatu vyote viwili.

"Mangapi?" Boga aliuliza, kashika ukingo wa bwawa, anahema.

"Moja."

"Wallahi?"

"Moja, Boga."

Boga alitikisa kichwa, maji yakaruka. "Basi ni hofu ya mashindano. Hapa nimetulia, mwili wanisikia. Kule wajifanyia mambo yake. Ngoja nirudie, safari hii nijitie hofu."

Akarudia. Akarudia tena. Miezi minne alikuwa akirudia, na kila mwezi alizidi kuwa mzito. Zamani Boga alipiga mbizi bila kufikiri na kufika ng'ambo kabla ya Tsofa siku zote. Sasa alikuwa akiilinda miguu yake kama mtu aliyepakia trei ya mayai kwenye pikipiki. Alikuwa akijitibu ugonjwa asiokuwa nao, na Tsofa, aliyejua hivyo, alikuwa akimhesabia dawa.

Kwani ile siku ya fainali kule Lusaka, mbele ya mataifa kumi na mawili, aliyepiga mateke mawili alikuwa Tsofa.

Hakukusudia. Boga alikuwa leni ya nne, yeye leni ya tano. Kilipolia king'ora alijitupa chini mno, akaona giza la sakafu likimjia, na miguu ikachapa, ikachapa tena kabla hajaikataza. Alijua hapo hapo, akiwa bado chini ya maji. Aliogelea mita zote zilizobaki akingoja kuondolewa. Alishika ukuta wa nne, Boga wa pili. Boga alivuka kamba ya leni akamkumbatia, akipiga makelele ya furaha ambayo bila shaka yalisikika hadi kwao Mtongwe.

Halafu kipaza sauti kikasema: leni ya nne ameondolewa, ameongeza teke.

Nne! Mwamuzi aliliona kosa ila alikosea leni. Tsofa alipanda kutoka nafasi ya nne hadi ya tatu, ya medali ya shaba.

Kocha Oduor aliwavuta wote wawili kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Nina nusu saa ya kukata rufaa. Boga, niambie ukweli. Ulipiga mawili?"

Boga alikaa kwenye benchi na taulo kichwani. Mtu mwingine angeapa, angetukana, angepiga kabati teke. Boga alilelewa nyumba ambayo mtoto hamwiti mtu mzima mwongo. "Sijui, kocha," alisema taratibu. "Mimi nahisi moja. Lakini yule mzee kasimama pale kwa kazi hiyo. Kama kaona, kaona."

"Tsofa, wewe ulikuwa kando yake. Uliona nini?"

Hapo ndipo alipokosa. Si kwenye maji. Kwenye maji ilikuwa miguu. Hapa ulikuwa ulimi wake mwenyewe, nao ulikuwa mtulivu kabisa.

"Povu lilikuwa jingi, kocha. Sikuona."

Na nusu saa ikapita.

Medali ilipofika Likoni, mama yake Tsofa, Nyevu, aliitundika ukutani pale ambapo mgeni akiketi inamtazama. Boga alirudi Mtongwe na jina jipya. Vijana wa kule hawana dogo. Akienda kununua mahamri, muuzaji humuuliza, "Mangapi, mawili?" Akipita kwenye kibanda cha kuchaji simu, mmoja huita, "Bwana Mawili!" na wengine hucheka. Yeye hucheka nao. Asiyecheka alikuwa baba yake, Mzee Suleiman. Siku moja kwenye baraza ya kahawa mtu alimtania kuhusu mwanawe, naye akajibu mbele ya wote, "Mimi mwizi simlei. Kama kaiba, kaiba kivyake." Tangu siku hiyo mzee aliitikia salamu ya Boga na kunyamaza. Chakula walikula sinia moja, mazungumzo hapana.

Tsofa aliyajua yote hayo kwa sababu Boga mwenyewe alimsimulia, kama unavyomsimulia rafiki.

Siku moja kabla ya Ramadhani, baada ya alasiri, Tsofa alikuwa kibarazani kwao akishona kandambili iliyokatika. Boga alitokea na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia kichwani.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Waenda harusini?"

"Harusi ya nani, nami sina hata mchumba? Kesho twafunga, bwana. Natembea kwa watu kuomba radhi. Tangu asubuhi nazunguka. Hata yule muuza mahamri nimemwendea."

"Yeye ndiye wa kukuomba wewe!"

"Kaniomba. Kisha kaniuliza nataka mangapi." Boga akacheka peke yake. Aliingia ndani kumwamkia Nyevu, "Shikamoo mama," na Tsofa, kupitia mlango ulio wazi, akamwona akisimama mbele ya medali. Utepe wake ulikuwa umejikunja. Boga aliunyosha kwa vidole viwili, akaurudisha ukutani, akatoka.

Aliketi kando ya Tsofa. Sasa hakuwa akicheka.

"Tsofa, najua nyinyi hamfungi, lakini sisi ndivyo tulivyofundwa. Mtu asiingie mwezi mtukufu na haki ya mwenzake shingoni. Mimi kule Lusaka nilikuharibia. Furaha yako uliishika nusu nusu kwa sababu yangu. Kocha hakushangilia, timu haikushangilia. Na asubuhi zako zote wanipa mimi. Niwie radhi, ndugu yangu. Kwa nililokukosea nikijua na nisilojua."

Jibu la maneno hayo ni fupi na kila mtu wa pwani, Mwislamu au Mkristo, analijua: nimekuwia radhi. Maneno mawili. Tsofa alifungua kinywa kuyasema, akaona atakalokuwa amelifanya. Atakuwa amemsamehe Boga kosa lake mwenyewe, naye Boga ataondoka anashukuru.

"Siwezi," alisema.

Boga alimgeukia. "Umekasirika kiasi hicho?"

"Siwezi kukuwia radhi kwa sababu hukunikosea. Ulipiga moja. Siku zote wapiga moja." Sindano ilikuwa imemchoma kidole, hakuitoa. "Aliyepiga mawili ni mimi. Mwamuzi alikosea leni. Nilijua papo hapo, na kocha aliponiuliza nilijua."

Bodaboda ilipita, ikapita nyingine. Kwa jirani redio ilikuwa ikitangaza bei ya saruji.

"Povu," Boga alisema mwishoni.

"Hapakuwa na povu."

"Asubuhi hizi zote." Boga aliongea polepole, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko mbaya. "Wakaa chini ya maji waniangalia. Nakuuliza mangapi, wan'ambia moja, nami nadhani wanionea huruma. Nadhani rafiki yangu anifichia aibu yangu. Kumbe wan'ambia kweli na bado wanidanganya."

"Boga, naomba..."

"Usiombe!" Alisimama kwa ghafla, kanzu ikanasa kwenye msumari wa kiti, akaivuta bila kujali kama inachanika. "Mimi nimekuja kuomba, sikuja kuombwa. Vaa viatu. Twende kwa baba."

Walitembea hadi Mtongwe, Boga mbele, Tsofa nyuma na kandambili moja iliyoshonwa nusu. Watu waliwaamkia njiani na Boga aliwaitikia wote vizuri. Hilo lilimuumiza Tsofa kuliko ngumi.

Mzee Suleiman alikuwa uani akichagua tende kwa ajili ya futari ya kesho. Mkewe, Mwanatatu, alikuwa akikuna nazi. Tsofa aliamkia, akaitikiwa, na kabla hajaambiwa aketi alisema yote. Alianza na mbizi, akamaliza na ulimi. Mbuzi ya nazi ilinyamaza.

"Ulipiga mangapi?" mzee aliuliza.

"Mawili, baba."

"Na huyu?"

"Moja."

Mzee aliiweka tende aliyokuwa nayo mkononi. "Boga."

"Labeka, baba."

"Nilikuita mwizi. Hukuwepo, lakini nilikuita, barazani, watu saba wasikia." "Niwie radhi, mwanangu."

Mwanatatu aliinamia nazi yake. Tsofa hakujua pa kutazama. Hajawahi kuona mzazi wa watu akiomba hivyo, tena mbele ya mgeni, na yeye mgeni ndiye sababu.

"Nimekuwia radhi, baba," Boga alijibu papo hapo, akaubusu mkono wa babake. "Duniani na akhera."

Mzee Suleiman aliinuka, akavaa kofia, akatafuta bakora. "Saa hizi wote wako kwenye kahawa," alisema. Halafu, bila kumtazama Tsofa, "Wewe, twende. Hayo uliyoyasema hapa utayasema pale. Kisha utampigia simu kocha wenu mbele yangu."

"Ndiyo, baba."

Tsofa alisita mlangoni. Boga alikuwa amechuchumaa penye sinia, ameanza kuchagua tende pale alipoachia babake.

"Boga. Niwie radhi."

Boga aliokota tende, akaitazama upande huu na upande huu, akaiweka kwenye zile nzuri.

"Nenda kwanza," alisema.

Mzee alikuwa amekwisha kufika njiani. Tsofa alimfuata, akikokota ile kandambili, na kabla hawajapinda kona akasikia vicheko vya wanywa kahawa, na mmoja akiita, "Karibu Mzee Suleiman! Na huyo nyuma si ndiye bingwa wetu?" Watu walisogea kumpisha nafasi bora kwenye benchi. Tsofa hakuketi.

"Asalaam aleikum," mzee alisema. "Nyamazeni kidogo. Huyu kijana ana neno."