Barabara Ikatwe Wapi

Kijiko hakuweza kutulia kitini. Watu walimbandika jina hilo kwa sababu ya mtambo wake wa kuchimba, na siku hiyo mtambo ulikuwa unanguruma chini yake, juu ya barabara mpya, naye akishika vyuma vya kuuongozea, akiviachia, akivishika tena. Hapo alipokuwa halikuwa limedondoka hata tone. Mvua ilinyesha asubuhi huko milimani, na sasa, jua likiwaka bila haya, maji yalikuwa yameshuka kwa kishindo yakibeba magogo, magodoro na mlango mzima wa choo cha mtu.

Makalvati, yale mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara, yaliziba mara moja. Barabara yenyewe ilikuwa imeinuliwa kwa tuta kupita nyumba zote, maana wakubwa walitaka ionekane kutoka mbali, na sasa ilikuwa imegeuka ukuta. Upande wa juu maji yalijaa kama kwenye beseni, na katikati ya beseni hilo ilikuwemo zahanati. Juu ya paa lake walikuwa wauguzi na kina mama waliojifungua juzi juzi, wakipunga mashuka.

"Kata!" msimamizi wa barabara alimpigia kelele kutoka chini. "Ukichelewa tuta litapasuka lenyewe, na hapo hakuna anayejua linapasukia wapi. Kata hapo penye korongo la zamani!"

Kijiko aligeuka akalitazama korongo. Chini ya tuta, watu walikuwa wamejenga kingoni mwake, pembeni pembeni kwa woga wao. Katikati kabisa ya korongo ilikuwepo nyumba moja tu, yenye ukuta wa buluu: nyumba ya dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki na ambaye mpaka leo humkemea mbele za watu kwa kutochana nywele. Na nani aliyempeleka pale? Ni yeye, Kijiko. Tuta lilipokwisha kujengwa, korongo lilikauka, likaota majani mazuri, likaonekana kiwanja. Akamwambia kifua mbele: "Jenga, dada. Maji hayapiti tena hapa, nimeyafungia njia kwa mikono yangu." Alikuwa amekabidhiwa mtambo mkubwa, akadhani na akili imeongezeka.

Alimpigia simu. Iliita weee, haikupokelewa. Alishuka kwenye mtambo, akapanda, akashuka tena, mpaka msimamizi akamuuliza kama ana siafu kwenye suruali.

Dada alitokea mwenyewe akipanda tuta, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni, akihema na kucheka. Nyuma yake walikuja mabinti zake wawili na majirani.

"Nimewaambia hawa waache kelele!" alisema. "Walitaka nitoe vyombo nje. Vya nini? Mdogo wangu yuko juu na kijiko chake, ataacha maji yatufikie? Wewe, umekula?"

Kijiko aliwahesabu kwa macho.

"Nyumbani kumebaki mtu?" aliuliza.

"Abaki nani? Sote tumekuja kukutazama."

"Dada, nakata hapa."

"Hapa wapi?"

Alionyesha kwa kidole. Dada alikifuata kile kidole mpaka kwenye bati lake. Kisha aligeukia upande wa pili wa barabara, na kwa mara ya kwanza akaliona lile paa, na mwanamke mmoja aliyeinua juu kichanga kilichofungwa kwa shuka. Kicheko kilimkauka.

"Mahali pengine hakuna?"

"Hakuna."

"Si uliniambia umeyafungia?"

"Nilikuambia."

Msimamizi alikohoa. Maji yalikuwa yameyameza madirisha ya zahanati. Dada akapanda kwenye mtambo, akajibana mlangoni mwa kibanda cha dereva, bega kwa bega na mdogo wake. Kijiko alidhani atazabwa kofi, na angelipokea kwa shukrani.

"Kata," dada alisema. "Mimi nakaa hapa hapa. Sitaki kusimuliwa, tutaona wote."

Kijiko akazamisha meno ya mtambo kwenye lami iliyokuwa bado nyeusi tii. Tuta alilolishindilia mwenyewe lilitoka tonge kwa tonge. Maji yalianza kwa mchirizi tu, yakalamba udongo, halafu upande mzima ukameguka na ikabidi arudishe mtambo nyuma mbio. Korongo lilijaa ukingo hadi ukingo. Ukuta wa buluu ulisimama kidogo, kiasi cha kumtia mtu matumaini ya kijinga, kisha ukalala. Bati liliondoka likizunguka. Upande wa zahanati watu walishangilia, na mmoja wa mabinti akaangua kilio.

Kijiko alizima mtambo. Machozi yalimtoka yeye kabla ya dada yake.

"Nitakujengea nyingine, dada. Naapa."

Dada alimfuta uso kwa upindo wa gauni lake, kwa nguvu, kama alivyomfuta utotoni.

"Utajenga," alisema. "Lakini kiwanja usinionyeshe wewe."